Leseni ya Mnadani

Sijawahi kuonja bia maishani mwangu, lakini ukinishtua usingizini nitakutajia masharti ya leseni ya pombe ya mkoa huu kifungu kwa kifungu, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi yangu ni ukalimani na tafsiri, Kiswahili na Kiingereza, mahakamani, hospitalini, kwenye ofisi za uhamiaji, popote hapa Johannesburg ambapo watu wawili wanakaa meza moja na hawaelewani. Nina chumba cha kazi Mayfair, juu ya duka la Msomali anayeuza mazulia, hatua chache kutoka msikitini. Ndani kuna meza, printa inayokwama kila karatasi ya tatu, na muhuri wangu wa mtafsiri aliyeapishwa. Muhuri ule naupenda kupita kiasi.

Niseme mapema kwamba nina hasira za karibu, na kinachonipandisha zaidi ni watu wasiosoma. Mtu anakuletea karatasi ameshaitia sahihi, ukimuuliza imeandikwa nini anakwambia hajui, alipewa tu. Karani anagonga bila kusoma, wakili anawasilisha bila kusoma, bosi anakataa bila kusoma. Mke wangu anasema nitakufa na presha kwa makosa ya watu wengine. Mimi humjibu kwamba angalau mtu mmoja katika mji huu awe anasoma.

Mama aliyeniingiza kwenye mambo ya pombe ni Mkongo wa Bukavu. Kwa miaka sita alikuwa mpishi kwenye baa moja kule Kensington, kwenye ile barabara kuu yenye maduka madogo madogo. Biashara ilimshinda mwenye baa, mahakama ikaamuru mali yake ipigwe mnada. Mnada wenyewe uliendeshwa na sherifu wa mahakama, mtu ambaye kwetu tungemwita dalali wa mahakama. Mama akaenda peke yake, amevaa kitenge anachovaa kwenye harusi, akasimama katikati ya wanaume wenye simu mbili mbili. Alikuwa ameuza kiwanja chake cha Bukavu, kile alichokuwa akisema kila siku kwamba ndiko atakakozeekea. Akanyanyua mkono, akaendelea kuunyanyua mpaka wengine wakashusha ya kwao.

Miongoni mwa walioshusha alikuwepo mwenye duka la pombe la ng'ambo ya barabara. Aliona mafriji mabovu na viti vya plastiki, akajitoa. Hakusoma ukurasa wa mwisho wa orodha ya mnada, ulioeleza kwamba vitu vyote vinauzwa pamoja na haki za leseni ya pombe. Mama naye hakuusoma, kwa sababu Kiingereza hakisomi. Yeye aliiona tu ile leseni kwenye fremu ukutani, akamwomba sherifu asiibandue. Hivyo ndivyo leseni inayotamaniwa na barabara nzima ilivyouzwa mchana kweupe bila mnunuzi wala mshindani wake kujua.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya wakili wa yule mwenye duka. Ndipo mama akapanda ngazi zangu za Mayfair.

"Muzee," aliniambia, maana Wakongo wakikuona na mvi mbili wanakupa uzee wote, "huyu mutu anasema ile nilinunua, sikununua. Sasa nilinunua nini?"

Nikavaa miwani, nikaisoma barua yote mpaka jina la mpiga chapa. Mshindani wake alidai kwamba sherifu alikuwa na mamlaka ya kuuza friji, lakini leseni ni ya serikali, haiuziki kama sufuria. Walikwenda mahakamani, mimi nikitafsiri. Hakimu akasema haki za leseni zinaweza kupigwa mnada, ila leseni haiwi ya mnunuzi mpaka bodi ya pombe ya mkoa ikubali kuihamishia kwenye jina lake; kwa sasa aendelee kuuza kwa jina la zamani. Mama alishangilia. Mimi sikushangilia, kwa sababu nilikuwa nimeshawahi kuingia kwenye ofisi za serikali.

Kila kitu kilisimama hapo, kwenye bodi. Samaki wa mama na fufu yake, ule ugali wa muhogo wa kwao, ni vitamu, lakini wateja wake ni walinzi na mafundi, watu wanaotoka kazini wakitaka chupa ya baridi kwanza na sahani baadaye. Bila bia hawaingii. Bodi ikikataa, atabaki na mafriji mabovu Kensington na hana kiwanja Bukavu.

Wakili tuliyempata alikuwa na ofisi Sandton na haraka isiyoisha. Kila alipoongea nasi alikuwa anafunga au anafungua mlango wa gari. Alijaza fomu ya bodi siku moja, na kwenye swali kama kuna shule au nyumba ya ibada karibu na baa, akatia alama kwamba hakuna. Sheria ya mkoa inasema pombe isiuzwe ndani ya mita mia tano kutoka sehemu kama hizo. Mama alitia sahihi pale alipoonyeshwa.

Safari ya kwanza kwenda kwenye bodi tulikaa kuanzia saa mbili asubuhi. Saa sita akatoka dada mmoja akatuambia akidi haijatimia, mjumbe mmoja ana mkutano kwingine. Safari ya pili lifti ilikuwa mbovu. Tulipanda ghorofa tisa kwa miguu, mama akiwa na magoti yake na mimi na kifua changu, tukakuta jalada letu limepelekwa jengo jingine. Nilimuuliza karani ni jengo gani. Akaniambia hajui, aliyelipeleka yuko likizo. Alikuwa anakula chipsi huku ananijibu, na mafuta yalikuwa yanadondokea majalada ya watu wengine. Damu ilinichemka mpaka nikaanza kumsemesha Kiswahili.

"Eish, baba, sasa mimi nifanyeje?" akaniuliza, kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionimaliza.

Tulipigwa danadana hivyo kwa miezi. Msikitini nako sikupata nafuu. Kuna Mzanzibari mmoja ninayeswali naye safu moja, ambaye kila Ijumaa akinishika mkono ananiuliza, "Sheikh, wiki hii umetafsiri kreti ngapi?" Watu wanacheka. Nilikuwa namwambia natafsiri maneno tu, sigusi chupa, lakini mtu anayejitetea kila Ijumaa huishia kuonekana mlevi.

Kilichonifariji ni chakula. Mama alikuwa akiniita Jumapili nimsomee barua zilizoingia wiki ile, na alikuwa na sufuria yangu mwenyewe, ndogo, ya bluu, isiyopikiwa kitu kingine. Kuku wangu alikuwa anamnunua kwa Wasomali wa Mayfair ili nisiwe na wasiwasi. Nikifika mapema nilikuwa nakuta kundi lake la maombi bado limo ukumbini. Wakongo wengi, wasusi, mafundi cherehani, walinzi waliotoka zamu ya usiku na sare zao. Kabla ya ibada walikuwa wanafunika friji la bia kwa shuka jeupe, wanageuza viti vielekee kaunta, na mchungaji anahubiri pale pale zinapofunguliwa chupa. Ngoma zao zilikuwa zinalala stoo pamoja na kreti. Wakimaliza wanafunua friji, wanarudisha viti, na saa sita baa inafunguliwa. Niliyaona hayo Jumapili nyingi, nikala kuku wangu, nikafikiri: Wakongo hawa wana mambo.

Basi wakili akasema safari ya tatu itakuwa ya mwisho, na kwamba barua ya majirani wanaomuunga mkono mama itasaidia. Kundi la maombi likafurahi, hatimaye limepata kazi ya kumfanyia. Jioni moja mchungaji akaja ofisini kwangu na karatasi mbili zilizochanwa kwenye daftari la shule. Zilikuwa za mwandiko wa kalamu, Kiswahili cha Bukavu kilichonyooka. Zilisema kwamba sisi marafiki na majirani wa mama huyu tunamjua ni mtu wa haki, mpaji, hana ugomvi na mtu, na baa yake haijawahi kumsumbua yeyote. Chini zilijaa sahihi, nyingine za dole gumba.

Niliziangalia zile karatasi, kisirani kikanipanda.

"Hii ndiyo barua ya kupeleka serikalini?" nilimuuliza. "Karatasi ya daftari? Ninyi ni nani? Anwani yenu iko wapi? Muhuri uko wapi? Barua isiyo na muhuri nchi hii wanafungia maandazi."

Mchungaji hakukasirika. Uso wake ulichangamka kabisa. Watu wa kwao wanauheshimu muhuri kuliko mimi. Kwao barua ya harusi ina muhuri, barua ya msiba ina muhuri, na mtu akikuandikia bila muhuri unajua hakuheshimu.

"Muzee, uko na haki," akasema. "Tutafanya muhuri. Ya mviringo."

Aliondoka mbio, na siku tatu baadaye akarudi na barua iliyopigwa chapa. Juu imeandikwa jina la kanisa kwa herufi kubwa. Chini kuna muhuri mpya, wino wa zambarau, mviringo safi, jina la kanisa limezunguka, msalaba katikati, na chini ya msalaba anwani kamili, namba ya jengo na jina la barabara, Kensington. Mahali paliposema "marafiki na majirani" sasa palisema "sisi waumini wa kanisa hili". Nilimsifu. Nilimwambia mbele ya mke wangu, aliyekuwa ameniletea chai, kwamba huu ndio mfano wa kazi ya watu wanaojiheshimu.

Nikaitafsiri barua ile kwa uangalifu wote nilionao. Nilitafsiri mpaka maneno yaliyo ndani ya muhuri, kwa sababu kanuni za kazi yetu zinataka hivyo, pamoja na anwani. Kisha nikagonga muhuri wangu kando ya wao, nikaiangalia miwili ilivyokaa sambamba, nikaridhika. Kwa akili yangu kanisa ni jengo lenye msalaba juu ya paa, kama msikiti ulivyo na mnara. Haikunipitia kichwani kwamba anwani ile ndipo inapokaa sufuria yangu ya bluu. Wakili aliipokea dirishani mwa gari, akahesabu sahihi, akasema, "Sharp," yaani safi, akafunga kioo.

Safari ya tatu bodi ilitimia. Lifti ilikuwa inafanya kazi. Wajumbe watano waliketi, mwenyekiti wao mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya mwalimu, na mimi nikaapishwa kwa Msahafu kwamba nitatafsiri kweli na kikamilifu. Mambo yalianza vizuri. Mama aliulizwa kuhusu usafi, ulinzi, choo, akajibu kwa heshima. Nikaanza kuona mwisho wa ngazi zile.

Ndipo wakili wa yule mwenye duka akasimama, mtu mnene mpole, akaomba bodi ifungue ukurasa wa kumi na nne wa jalada. Ilikuwa tafsiri yangu. Akaisoma kwa sauti, taratibu, akatamka kila neno la muhuri. Alipofika kwenye anwani akasimama. Kisha akaomba wafungue fomu ya maombi, akasoma anwani ya baa. Mimi nilijisikia baridi kuanzia shingoni kwenda chini, kwa sababu hatimaye nilikuwa nimekutana na mtu anayesoma.

"Fomu inasema hakuna nyumba ya ibada karibu," akasema. "Barua inasema nyumba ya ibada ni baa yenyewe."

Wakili wetu aliruka, akaomba dakika moja. Akatuvuta pembeni na kuninong'oneza nimwambie mama kwamba hakuna ubaya, aseme ni marafiki wanaokutana kula na kuimba kidogo, neno kanisa ni mbwembwe za muhuri tu. Nikamwambia mama hivyo. Nilimwambia zaidi ya alivyosema wakili. Nilimkumbusha kiwanja. Mama alinisikiliza, akatikisa kichwa kwa namna ambayo sikujua ni ndiyo au hapana.

Mwenyekiti akauliza, "Mama, Jumapili asubuhi, ukumbi wako ni kanisa?"

Nilimtafsiria. Nilimtafsiria polepole, nikavuta maneno nimpe muda, na macho yangu yalikuwa yanamwomba. Kwa miaka yangu yote ya kazi sijawahi kumtamania mtu uongo namna ile.

Alivuta kitenge chake begani.

"Muzee, ubaambie hivi," akasema. "Ile siku nilifika ku hii nchi sikukuwa na mutu. Bale batu njo balinipokea. Bakipiga magoti pale ndani, Mungu iko pale. Ni kanisa. Siwezi kubakana mbele ya batu juu ya bia."

Chumba kizima kikanigeukia mimi, kikisubiri. Ningeweza kusema lolote, hakuna mwingine mle ndani aliyejua Kiswahili. Nikasema kwa Kiingereza kila alichosema, tangu siku alipofika mpaka neno bia, na sauti yangu haikunipendeza. Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alimwambia mama ahsante, na nadhani alimaanisha.

Barua ya kukataa ilikuja baada ya mwezi. Nilimsomea mama ukumbini. Fremu ya ukutani ikateremshwa, ukabaki mraba mweupe. Mafriji yakajazwa soda na maji. Walinzi na mafundi walikuja mara moja, wakaangalia, wakavuka barabara kwenda kwa yule mwingine. Mama akabaki na wapika samaki wawili ambao hawakuwa na samaki wa kupika.

Nilikuwa na hasira miezi mitatu mizima. Nilimlaumu wakili kwa kutia alama bila kuuliza. Niliilaumu bodi kwa kutumia sheria moja kwa kanisa la kengele na kwa watu arobaini wenye viti vya plastiki. Nilimlaumu mchungaji zaidi ya wote. Nilikuwa namsimulia mke wangu, namsimulia Msomali wa chini, namsimulia hata yule Mzanzibari, ambaye sasa alikuwa haulizi tena habari za kreti: watu gani hawa, wanampelekea adui ushahidi na muhuri juu! Msomali ndiye aliyeniuliza, huku anakunja zulia, "Lakini muhuri aliwaambia nani wachonge?"

Nilipanda juu nikakaa. Zile karatasi za daftari zilikuwa bado kwenye droo yangu, maana mimi situpi kitu. Nilizisoma upya. Marafiki na majirani. Hakuna kanisa, hakuna anwani. Zingepita. Kimbelembele changu ndicho kilichowatuma kwa mchonga mihuri, na mkono wangu ndio ulioipeleka anwani kwenye Kiingereza. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata nilipokuwa mtoto.

Jumapili iliyofuata nikaenda Kensington tangu asubuhi, nikazunguka mitaani mpaka mchana, kwa makusudi ya kumkuta peke yake. Alikuwa anafuta kaunta ambayo haikuwa na uchafu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kofia mkononi. "Mama, ni mimi niliyewaambia muhuri. Barua yao ya kwanza ilikuwa nzuri. Nimekuharibia mimi. Naomba unisamehe."

Hakuacha kufuta.

"Najua, muzee. Pasta aliniambia ile ile siku."

"Ulijua miezi yote hii? Mbona hukuniambia?"

"Ungeona haya, ungeacha kukuya kula."

Akaingia jikoni. Alirudi na sufuria ya bluu, akaiweka mezani, na kando yake akaweka karatasi mbili za daftari zilizokunjwa. Akaniambia ni barua ya kuomba leseni upya, kanisa limekubali kumwandikia, nimtafsirie. Nikachomoa kalamu mfukoni.

"Hapana," akasema, akanizuia mkono. "Safari hii soma kwanza."

Nikavaa miwani. Barua ilisema kwamba wao, marafiki wa mama huyu, hawakusanyiki tena kwenye ukumbi wake. Kuanzia sasa wataomba nje, kwenye kile kiwanja cha majani nyuma ya mtaa, palipo na nguzo za umeme na pasipo na nyumba yoyote. Ulikuwa mwezi wa Juni. Nilikuwa nimepita pale asubuhi ile nikaona umande umeganda mweupe juu ya majani, na watu wamesimama duara na makoti yao, na sikuwatambua. Chini kulikuwa na sahihi zile zile na madole gumba yale yale. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya mama mwenyewe.

Mdomo ulinifunguka kuuliza anwani na muhuri viko wapi. Nikaufunga. Nikarudi juu ya ukurasa, nikaanza tena neno la kwanza, na kuku wangu akapoa.